Panya Mwenye Nishani na Trekta Lililokuwa Kifaru: Namna ya Kuwatungia Watoto Hadithi za Vituko

(Mhadhara uliotolewa Kibaigwa, wilayani Kongwa, mbele ya walimu, wazazi, wanafunzi na wafanyabiashara wa nafaka)



Nimeambiwa hapo nje kuna lori linapakiwa mahindi, na kwamba nikizidisha saa moja nitabaki na wanafunzi peke yao. Nimesikia.

Mada niliyopewa ni hadithi ya vituko kwa watoto: hadithi ya safari na maajabu, yenye viumbe marafiki na mitambo ya kubuniwa. Mzee mmoja ameniuliza mlangoni kama kweli nimepanda basi kutoka Dodoma kuja kuwaeleza watu wazima habari za panya wanaosema. Nikamjibu kwamba nimekuja kuwaeleza habari za panya wasiosema neno, ila wana nishani. Amekaa kunisikiliza. Yule pale, anatikisa kichwa.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonesha kwamba anayetunga hadithi ya ajabu anahitaji ukweli mwingi kuliko anayetunga hadithi ya kawaida, na kwamba ukweli huo, ule wa kuchekesha hasa, umejaa kandokando ya barabara yetu hii ya Morogoro hadi Dodoma. Watoto wetu wana vitabu vya kiada, na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 umetuachia rafu nzuri ya vitabu vya ziada. Kinachopungua ni vitabu ambavyo mtoto anavificha chini ya dawati ili amalizie kucheka. Nina hoja nne, kisha pendekezo.

Hoja ya kwanza: kiumbe rafiki awe na tumbo lake

Waandishi wengi wa watoto wakitaka mnyama rafiki humpa macho makubwa, sauti nyororo na moyo wa dhahabu. Anamsaidia mtoto asubuhi, mchana na jioni, wala haombi hata maji. Mnyama wa namna hiyo hachekeshi, na watoto hawamwamini, kwa sababu hakuna rafiki wa aina hiyo hata darasani kwao.

Tazameni tulivyorithi. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, na mojawapo ni ya Sultani Darai. Maskini mmoja anachakura jaani akitafuta punje za mtama, anaokota thumni, ananunua paa. Paa yule anasema, anatafuta almasi, anamwozesha bwana wake binti wa sultani, anaua nyoka mwenye vichwa saba. Lakini paa anapougua na kuomba uji mzuri, bwana mkubwa anaona shida. Hapo ndipo hadithi inapokaza kamba: paa anakufa, na asubuhi yule tajiri anaamka jaani, anachakura mtama. Paa angekuwa haumwi wala hali, hadithi isingekuwa na mwisho. Nanyi wa Kibaigwa mnalijua jambo hilo kwa macho, maana jioni lori likishaondoka mnawaona akina mama na fagio na ungo wakikusanya mahindi yaliyomwagika, wakipeta vumbi mpaka punje ibaki peke yake. Hadithi ile ingeweza kuanzia pale kwenye geti la soko.

Sasa niwape rafiki asiye wa hadithi. Mlembe, yule ndege mdogo anayeongoza watu kwenye mizinga ya nyuki, anafanya kazi hiyo mpaka leo na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Mwindaji anapiga mluzi, ndege anakuja, anaruka mti hadi mti akipayuka, hadi kwenye mzinga. Mtu anachukua asali, ndege anakula nta na majana. Utafiti uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2023 ulionesha kwamba milembe wa Tanzania huitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe, na wale wa kaskazini mwa Msumbiji huitikia zaidi sauti ya Wayao, ambao wana mwito wao tofauti kabisa. Kwa maneno mengine, ndege hawa nao wamezoea lafudhi ya kwao. Hebu mtungieni mtoto hadithi ambamo mlembe wa Eyasi anapotelea Msumbiji, anaitwa kwa mwito asioujua, anakaa juu ya tawi akiwa na njaa na kiburi. Mnacheka tayari, na bado sijabuni chochote ila tiketi ya kumfikisha huko.

Tena kuna panya wangu. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000. Wazo lilikuwa la Mbelgiji, Bart Weetjens, aliyefuga panya utotoni akajua pua zao. Panya buku anafundishwa kunusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini. Akisikia mlio mdogo wa kidude, anajua amepatia, anapewa ndizi au karanga. Akiwa kazini, anafungwa mkanda mwepesi, anatembea kwenye kamba iliyovutwa kati ya watu wawili, na akinusa bomu anakwaruza udongo. Bomu halilipuki kwa sababu yeye ni mwepesi mno kulilipua. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi anaweza kulimaliza kwa nusu saa, kazi ambayo mtu mwenye kifaa cha kunasa chuma anaweza kuifanya kwa siku nne, kwa kuwa kifaa kinasimama kwenye kila kizibo cha soda, na panya hana habari na vizibo.

Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania mwaka 2013, akapelekwa Kambodia, akafichua mabomu ya ardhini 71 na silaha nyingine 38 ambazo hazijalipuka. Mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA, nishani iliyochongwa ndogo ili imfae kifuani. Akastaafu mwaka 2021, akafariki Januari 2022. Na kwa kuwa jua la mchana linawaunguza, panya hawa hupakwa mafuta ya kukinga jua masikioni na mkiani kabla ya kwenda kazini. Mzee wangu wa mlangoni, umeyasikia hayo? Mtu mzima na elimu yake anampaka panya losheni mkiani. Hapo mwandishi aweke kalamu chini, asiongeze chumvi.

Angalieni kinachowaunganisha watatu hawa. Paa anataka uji, mlembe anataka nta, panya anataka ndizi. Urafiki wao na binadamu una masharti, na kila sharti ni mlango wa kituko: ndizi ikiisha, itakuwaje?

Hoja ya pili: mtambo uwe na kanuni, na uharibike kwa kanuni hiyohiyo

Wanafunzi wakiandika hadithi za uvumbuzi, mara nyingi mtambo wao unafanya kila kitu. Unaruka, unapika, unafua, unajibu mitihani, na mwisho unaokoa dunia. Ninyi wa sokoni mnalijua gunia la lumbesa kuliko mimi: limeshonewa kilemba juu, linaonekana neema tupu, lakini uzito wake haujulikani mpaka lipande mizani, na anayepunjika ni yule aliyelima. Hadithi ya lumbesa inampunja msomaji, kwa sababu mtambo unaoweza yote haumfanyi mtu ahofu wala acheke.

Mtambo wa kuchekesha ni ule unaojulikana unaweza nini na hauwezi nini. Na wilaya hii, waheshimiwa, ilishuhudia kituko cha mitambo ambacho hakuna mtunzi angethubutu kukibuni.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha Mpango wa Karanga. Kazi ilianzia hapa Kongwa. Walikusudia kulima jumla ya zaidi ya ekari milioni tatu, na hapa nchini mashamba yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mapya hayakupatikana, wakanunua mitumba iliyoachwa na jeshi Ufilipino, mingi ikiwa imechoka kabla haijashuka melini. Ndipo kampuni ya Vickers huko Uingereza ikachukua vifaru vya vita aina ya Sherman, ikaving'oa mizinga na kuvigeuza matrekta. Jina nalo likaunganishwa vipande viwili: Shervick.

Fikirini mtoto wa Kongwa anayechunga mbuzi akiona kifaru kinakuja kulima karanga. Kinanguruma, kinaangusha vichaka, kinafika kwenye mbuyu. Mbuyu una nyuki. Nyuki hawakuwa na taarifa kwamba vita vimekwisha wala kwamba mgeni amekuja kwa amani. Madereva walitimua mbio, wengine wakaishia hospitali. Kisha mvua ikakatika, na udongo wetu mnaujua ukishikwa na kiangazi: ulikakamaa mpaka vyuma vya kulimia vikalika, na karanga, ambazo huzaa chini ya ardhi, zikagoma kung'oka. Mwaka 1951 mpango ukafungwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36. Wazee wa Ugogo walikuwa wakiijua mvua ya Ugogo kwamba huja ikitaka. Kuwauliza kusingegharimu hata senti.

Mnaona ustadi wa kituko hiki? Kila kilichoharibika kiliharibika kwa sababu inayoeleweka. Chuma kililika kwa udongo, dereva alikimbia kwa nyuki, nyuki walikuwapo kwa mbuyu. Mtoto akisoma hadithi iliyojengwa hivyo, anacheka na papo hapo anajifunza udongo, mvua, wadudu na mashine, bila mwalimu kuandika ubaoni neno "lengo la somo".

Hoja ya tatu: kicheko kipande juu, kisishuke chini

Hapa naomba walimu wenzangu tusogee karibu kidogo. Kuna kicheko kinachomfungua mtoto, na kuna kinachomfunga mdomo miaka kumi. Mfano wake ni wa kwetu kabisa.

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwanafunzi mmoja, Erasto Mpemba, akaona akisubiri atakosa nafasi, akaingiza maziwa yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye alipokuwa shuleni Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Likawa jina la utani, darasa zima likicheka.

Siku moja akafika mgeni kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne. Mpemba akasimama na swali lake lilelile, wenzake wakaangua kicheko. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni, akaagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja makala katika jarida la fizikia. Leo dunia inaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, na wanasayansi bado wanabishana kulihusu: wengine wanathibitisha, wengine wanapinga. Fizikia ya Mpemba imekuwa fizikia ya dunia.

Nani anachekesha katika kisa hiki? Wala si mtoto mwenye maziwa ya moto. Wanachekesha watu wazima waliokuwa na friji na maziwa palepale, jaribio lenyewe likiwa la jioni moja, na bado wakaona ni rahisi kumcheka anayeuliza. Basi katika hadithi zetu, mcheke mkubwa aliyevimba: bwana shamba wa kifaru, mkaguzi asiyetaka kuona, fisi anayejifanya mwenyekiti. Sungura wetu amekuwa akiifanya kazi hiyo tangu zamani, na ndiyo maana simba ndiye anayedondokea kisimani. Mtoto anayeuliza, anayeshona mtambo kwa waya wa baiskeli, anayekosea mara ya kwanza, huyo tucheke pamoja naye.

Hoja ya nne: maajabu yawe na anwani

Kitabu cha Alisi, yule msichana wa Kiingereza aliyemfuata sungura shimoni, kimeingia kwenye Kiswahili zaidi ya mara moja: mwaka 1940 kikiitwa *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, na mwaka 2015 kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ni kitabu kizuri, nakipendekeza. Lakini someni sura za mwanzo pamoja na watoto wa hapa mwone. Sungura anakimbia akiangalia saa, anahofia kuchelewa na kukaripiwa na wakubwa. Mtoto wetu anacheka kwa sababu nyingine kabisa: tangu lini Sungura akaogopa wakubwa? Sungura anayemjua yeye ndiye anayewachelewesha wakubwa. Kicheko hicho cha pili hakimo kwenye kitabu, ni cha hapa. Mwandishi wa hapa angejua kukitumia.

Tunaona mwanzo mzuri kwenye katuni. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam limekuwa likitangaza vipindi vya watoto tangu 2014. Katika kipindi chao kimoja, Akili, msichana wa chini ya Kilimanjaro, akilala tu anaingia nchi ya ndoto alimo kiboko, simba mdogo na komba. Kenya nayo mwaka 2021 ikatoa *Super Sema*, msichana anayebuni mitambo kupambana na roboti mkorofi. Watoto wanawapenda. Ila Kilimanjaro ina akina Akili wake. Kibaigwa ina nani?

Nitawapa adui mmoja wa bure. Dumuzi. Mdudu huyu asili yake Amerika ya Kati, na barani Afrika alijulikana kwanza huko Tabora, kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anatoboa punje mpaka inabaki unga. Wakulima wengine walimpa jina la lori, wakamwita Scania, kwa jinsi anavyosomba. Na rafiki? Mwaka 1992 Kenya iliachilia mbawakawa mdogo aliyeletwa kutoka huko huko anakotoka dumuzi, ambaye chakula chake ni dumuzi. Yaani tumepewa adui mwenye jina la lori na shujaa asiyetimiza hata sentimita moja, na uwanja wa vita ni gunia la mahindi. Mtunzi wa Ulaya angelipia.

Basi niziweke hoja zote nne kwenye jaribio moja la haraka. Kuna binti wa darasa la tano, mama yake anauza chai karibu na soko. Usiku anasikia gunia likinung'unika. Ndani yake kuna panya buku mstaafu aliyetoka Morogoro kwa lori la kurudi tupu, akalala, akapitiliza Gairo na Pandambili. Hasemi, lakini akinusa kitu anakwaruza, na asipopewa ndizi hakwaruzi. Wawili hao wanagundua kwamba maghala yameingiliwa na jeshi la dumuzi. Binti anatengeneza mashine ya kupepeta kwa pedeli za baiskeli na feni ya redieta. Inafanya kazi vizuri sana, mpaka inapepeta na karatasi zote za dalali mkuu wa soko, mtu anayependa lumbesa kuliko watoto wake. Karatasi zinaruka, hesabu za kweli zinaonekana na kila mtu. Wavulana mlioketi dirishani mnanionesha kwa vidole kwamba mnamjua dalali huyo. Hapana, nimembuni. Jamani, nimembuni!

Tumbo lipo, kanuni ipo, kicheko kimepanda juu, anwani ipo. Binti sijampa jina.

Pendekezo na mbele yetu

Naomba tuondoke na mambo matatu. La kwanza, kila shule ya msingi ya hapa itenge kipindi kimoja kwa wiki, muhula ujao, watoto wakusanye habari za kweli kutoka kwa watu wanaowajua: babu na habari za matrekta ya Kongwa, bibi na ghala lake, fundi wa mashine ya kukoboa, dereva anayejua mahali panya wanapopanda. Waandike nani, wapi, nini kiliharibika na kwa nini. Hayo ndiyo mawe ya msingi.

La pili, wafanyabiashara. Sisemi mchange jengo. Mkichanga karatasi na gharama za kuchapa nakala chache za kitabu chembamba chenye michoro ya watoto wenyewe, mtakuwa mmefanya kile ambacho wachapishaji wa mbali watakuja kukiulizia baadaye.

La tatu, jina la yule binti na la panya wake lichaguliwe na wanafunzi kwa kura, shule kwa shule. Muswada wa kwanza usomwe kwa sauti mwakani, mbele ya watoto, si mbele ya kamati. Wasipocheka kufikia ukurasa wa tatu, mwandishi arudishiwe akarekebishe, hata akiwa ni mimi.

Naona lori bado halijajaa, kwa hiyo tuna nafasi ya maswali. Waanze wanafunzi, na nawaomba wakubwa wasicheke mpaka swali liishe.